Ukimya wa Mtoto Si Adabu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na walimu wa chuo baada ya Sala ya Alasiri





Tumetakiwa tuseme machache juu ya malezi ya watoto, na hasa juu ya namna ya kuwakuza wawe na utulivu wa moyo na wajiamini. Jambo hili ni pana, na mwenye kutaka kulimaliza kwa kikao kimoja atalipapasa tu. Kwa hiyo tumechagua upande mmoja wake, nao ni huu: mtoto anayenyamaza mbele ya wakubwa wake si lazima awe mtoto mwenye adabu. Huenda ana adabu, na huenda ana hofu. Kwa nje mambo haya mawili yanafanana sana, lakini kwa ndani yako mbalimbali kama mashariki na magharibi, na mzazi asiyeyapambanua anaweza kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema ambayo kwa hakika ni msiba.

Katika nyumba zetu nyingi, mgeni akiingia na akamwona mtoto amekaa pembeni, hasemi, hacheki, haulizi, humsifu mama yake: mwanao ametulia, hana maneno. Mama hufurahi. Ama yule anayeuliza kwa nini hivi na kwa nini vile, huyo huitwa mjuaji, au huambiwa ana mdomo mrefu. Mtoto si mjinga. Kabla hajatimiza miaka saba amekwisha elewa lipi linalipwa sifa na lipi linalipwa kofi, naye hujichagulia usalama. Hufunga kinywa. Sisi tulio wakubwa twasema amekua.

Uislamu umeisifu haya, na hapana mtu awezaye kuikanusha sifa hiyo. Haya ndiyo imfanyayo mtoto ashushe sauti yake mbele ya baba, atoe shikamoo, asimkatize mkubwa katikati ya maneno, asiingie chumbani bila ya hodi. Lakini haya haimfanyi mtoto afiche ukweli. Kinachoficha ukweli ni hofu. Mwenye kutaka kupima ni kipi kinachotawala nyumbani kwake, na aangalie siku mtoto anapovunja glasi. Mwenye haya atakuja ameinamisha kichwa na kusema, mama, nimevunja. Mwenye hofu atavikusanya vigae avifukie nyuma ya nyumba, na akigunduliwa atamsingizia paka au mdogo wake. Kipimo hiki ni rahisi na hakihitaji mtaalamu.

Hebu sasa tumtazame Mtume s.a.w. alivyokuwa na watoto, kwani mengi tunayoyaita malezi ya Kiislamu ni desturi tulizozikuta tu, wala hayakutoka kwake.

Imepokelewa katika Sahihi Bukhari kwamba aliletewa kinywaji akanywa, na kuliani kwake alikuwako mvulana aliyekuwa mdogo kuliko wote, na kushotoni walikuwako wazee. Kwa kanuni, anayefuata kunywa ni wa kulia. Mtume s.a.w. akamwomba yule mvulana ruhusa awape wazee kwanza. Mvulana akakataa, akasema kwamba fungu lake litokalo kwa Mtume hatampa mtu mwingine yeyote. Naye Mtume s.a.w. akamkabidhi chombo mkononi mwake.

Tufikiri vizuri juu ya tukio hili. Aliyeomba ruhusa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Aliyeombwa ni mtoto. Waliokuwa wakingoja ni wazee wenye ndevu zao. Mtoto anasema hapana, kwa adabu na kwa sababu aliyoieleza, na hapana aliyemkaripia, wala hakuambiwa kwamba amewavunjia wazee heshima. Haki yake ilikuwa haki, ingawa yeye alikuwa mdogo. Je, katika nyumba zetu, mtoto akiombwa jambo lililo haki yake akasema hapana, hutokea nini? Kila mmoja na ajibu moyoni mwake.

Mfano mwingine ni ule wa Abu Umair, ndugu mdogo wa Anas bin Malik r.a. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye, na yule ndege akafa. Mtume s.a.w. alipowatembelea na kumwona mtoto ana huzuni, alimwita kwa jina lake la heshima na kumwuliza habari za ndege wake. Mtu mwenye shughuli za umma mzima, mwenye kupokea wajumbe na kupanga majeshi, amesimama kumwuliza mtoto habari za ndege! Kwetu sisi mtoto akililia ndege, aghalabu huambiwa: nyamaza, mwanamume halii. Huzuni yake hudharauliwa kwa kuwa kilichopotea ni kidogo machoni petu. Lakini kwake hakikuwa kidogo, na kutokana na namna tunavyoipokea huzuni yake ya leo ndipo atakapoamua kama atatuletea huzuni yake ya kesho, iliyo kubwa zaidi.

Tena uko ushuhuda wa Abdullah bin Umar r.a., ambao kwa maoni yetu wazazi wote wangeuhifadhi. Mtume s.a.w. aliwauliza Masahaba habari za mti usiopukutika majani, akaufananisha na Mwislamu. Watu wakaitaja miti ya jangwani. Abdullah, aliyekuwa mdogo kuliko wote kikaoni, ilimjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Hatimaye Mtume s.a.w. mwenyewe akasema ni mtende. Walipoondoka, Abdullah akamweleza baba yake. Umar r.a., tumjuaye kwa ukali wake katika mambo ya dini, hakumpongeza kwa kunyamaza. Alimwambia kwamba lau angalisema, jambo hilo lingalimpendeza yeye kuliko mali nyingi. Baba alitamani mwanawe angalisema! Na linalotufurahisha zaidi ni kwamba Abdullah, ingawa alinyamaza kikaoni, hakunyamaza kwa baba yake. Njia ya kwenda kwa baba ilikuwa wazi.

Na juu ya yote hayo, Kurani Tukufu inatusimulia habari za Nabii Ibrahim a.s. na mwanawe katika Sura As-Saffat. Amri ile ilikuwa nzito kupita amri zote, na imetoka kwa Mola wake; hata hivyo baba alimweleza mwanawe ndoto yake na kumtaka atoe maoni yake. Kama katika jambo lile mtoto aliulizwa, sisi tunapata wapi udhuru wa kumhamisha mtoto shule, kumpeleka kuishi kwa shangazi yake mji mwingine, au kumweleza siku ya safari yenyewe kwamba anakwenda bweni, bila ya kumwambia neno?

Sasa tuseme kwa nini tunalisisitiza jambo hili, kwa maana huenda ikadhaniwa kwamba tunatafuta kuwadekeza watoto.

Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Tanzania mwaka 2009 juu ya ukatili wanaofanyiwa watoto. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa na kuumizwa mwili. Na robo walisema waliumizwa kwa maneno na vitisho vya watu wazima. Hizo ni hesabu za kutisha, lakini iko nyingine inayotisha zaidi: miongoni mwa waliofanyiwa ukatili wa kingono, karibu nusu ya wasichana, na zaidi ya nusu ya wavulana, hawakumwambia mtu yeyote.

Kwa nini hawakusema? Sababu ni nyingi, na aibu ni mojawapo. Lakini sisi twajua ya kwamba mtoto aliyefundishwa kwa miaka kumi kuwa mkubwa hakosei, kuwa maneno ya mkubwa hayajibiwi, na kuwa mtoto mzuri ni anyamazaye, mtoto huyo amekwisha andaliwa. Mwovu akimjia, awe jirani, awe mjomba, awe mwalimu, hana haja ya kumfunga kinywa. Atakuta kimekwisha fungwa, na waliokifunga ni wale wampendao. Kwa sababu hiyo hatuwezi kulihesabu suala la kujiamini kuwa ni anasa ya watu wa mijini wenye nafasi. Kujiamini ni ngao ya mtoto. Ni ile nguvu ya kusema hapana kwa mkubwa anayetaka haramu, na nguvu ya kuja nyumbani kusema: fulani amenifanyia hivi.

Watakuwapo watakaotukumbusha methali ya wahenga, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali ni ya kweli. Mtoto asiyewekewa mpaka huharibika, na mzazi ndiye atakayelia. Lakini methali imesema juu ya kulia. Haikusema juu ya kuaibishwa, wala kutukanwa, wala kupigwa hadi mwili ukavimba. Mtoto aliyenyimwa kwenda kucheza kwa sababu hakufanya kazi yake atalia, na kilio hicho hakimdhuru. Aliyeitwa mbwa mbele ya wenzake huenda asilie kabisa, lakini neno hilo huondoka nalo.

Na watakuwapo pia watakaotuletea hadithi isemayo watoto waamrishwe Sala wakiwa na miaka saba na wapigwe kwa ajili yake wakifika kumi. Hatuikwepi hadithi hiyo. Twaomba tu isomwe yote. Baina ya saba na kumi pana miaka mitatu, na kwa Sala tano kila siku hiyo ni zaidi ya mara elfu tano za kumwita mtoto, kumkumbusha, kumshika mkono na kusali naye. Nani miongoni mwetu amekwisha mwita mwanawe mara elfu tano kwa upole kabla hajanyoosha mkono? Wanazuoni wengi walioishereheshea hadithi hiyo wakaweka masharti: yasiwe mapigo ya kuumiza, yasiwe usoni, yasiwe ya hasira. Naye Bibi Aisha r.a. ameshuhudia, katika riwaya ya Sahihi Muslim, kwamba Mtume s.a.w. hakumpiga kamwe kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Anas r.a. aliingia katika utumishi wake angali mvulana, akamtumikia miaka kumi, wala hakusikia kwake hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye. Anayedai kuifuata Sunna kwa fimbo, huku akiiacha Sunna ya miaka kumi ya Anas, amechukua punje akaacha ghala.

Hapa twataka kusema wazi na walimu wetu wa vyuo, ambao twawaheshimu kwa kazi yao ngumu yenye malipo haba. Mmoja anawasomesha watoto hamsini kwenye baraza moja, wengine Juzuu Amma, wengine alifu-bee-tee, jua likiwa kali, na bakora imekuwa ndiyo msaidizi wake wa pekee. Twaelewa. Lakini mtoto anayesoma huku anaitazama bakora hasomi herufi. Macho yako ubaoni, moyo uko kwenye fimbo. Hukosea kwa sababu anaogopa kukosea, kisha hupigwa kwa kukosea, na kesho huja na hofu iliyoongezeka. Wengi wanaokihama chuo wakiwa na miaka kumi na miwili hawakuichukia Kurani, bali walichoka na mahali iliposomeshwa. Na ni hasara iliyoje kwamba mtu mzima akiisikia aya, jambo la kwanza linalomrudia akilini ni maumivu ya kiganja!

Hata sheria za dunia zimeanza kututangulia katika jambo lililotupasa sisi kuwa wa kwanza. Kenya ilipiga marufuku viboko mashuleni mwaka 2001. Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye, na viandikwe katika daftari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Twapendekeza, bila ya kungoja kulazimishwa na mtu, chuo cha msikiti huu kiiweke bakora kando kabisa kuanzia mwezi ujao, na wazazi wachange ili apatikane mwalimu wa pili. Watoto ishirini na watano hufundishika bila ya fimbo; hamsini ni vigumu.

Liko pia suala la kuwapanga watoto kwa daraja na kuwataja wa mwisho. Mwezi Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, lilieleza kwamba halitatangaza tena shule bora na watahiniwa bora. Watu walibishana, na ubishi una pande zake. Sisi hatuna tatizo na zawadi. Mtoto aliyehifadhi vizuri apewe, na apigiwe takbira. Tatizo letu ni kile kicheko anachochekwa aliyesahau aya mbele ya kadamnasi, na maneno ya nyumbani baada ya matokeo: mtazame mwenzako, wewe utakuwa nini? Mtoto huyalinganisha maneno hayo na nafsi yake mpaka yanamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Kijana wa miaka kumi na minne aliyeambiwa mara mia kwamba hana faida hatashangaza akiamini.

Tena umri huo una uzito wake. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba nusu ya maradhi ya akili yanayowasumbua watu wazima huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 18, na mengi hayagunduliwi wala hayatibiwi. Basi mzazi na azijue dalili. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaanza tena. Mtoto anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule na kupona ikifika Jumamosi. Anayeota ndoto za kutisha, anayekataa ghafla kwenda nyumba fulani au kubaki na mtu fulani, anayejitenga na wenzake, ambaye alama zake zimeporomoka kwa muhula mmoja. Si lazima kila dalili iwe na jambo kubwa nyuma yake. Lakini zisijibiwe kwa fimbo wala kwa kuambiwa ana jini kabla hajaulizwa, kwa utulivu, akiwa peke yake na mzazi anayemwamini, kisha akapelekwa hospitali ikiwa haja ipo. Dua na daktari havigombani.

Namna ya kumsikiliza mtoto haina siri kubwa. Baba arudipo, simu na iwekwe kando kwa nusu saa. Mtoto aulizwe swali lisilojibika kwa ndiyo au siyo: leo ni nini kilikufurahisha, ni nini kilikuudhi? Akieleza kosa lake mwenyewe bila ya kulazimishwa, asiadhibiwe siku hiyo kwa kosa hilo. Arekebishwe, atakiwe kulipa alichoharibu, lakini asijute kwamba alisema. Mzazi akimpa ahadi aitimize, au amweleze kwa nini imeshindikana. Na apewe amana ndogo kwa kadiri ya umri wake: wa miaka sita atandike mkeka, wa tisa atumwe dukani na kuleta hesabu ya chenji, wa kumi na mbili akaribishe wageni na kukaa nao. Kujiamini hakuji kwa sifa tupu. Huja mtoto anapoona kwamba ameaminiwa jambo na akaliweza. Na mabinti wasiachwe nyuma katika hili, kwa maana nyumba nyingi humwuliza mvulana maoni yake na kumpa msichana ufagio.

Msikitini kwetu nako pana la kutazamwa. Mtume s.a.w. alisali akiwa amembeba mjukuu wake Umama, na alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake mwingine alimpanda mgongoni. Akisikia mtoto analia, aliifupisha Sala kwa kumhurumia mama yake. Sisi humwona mzee akimvuta mtoto sikio kumtoa safuni kwa sababu amecheka. Mzee wetu huyo nia yake ni njema, hatumlaumu. Lakini yule mtoto hatakumbuka nia, atakumbuka sikio. Tumekubaliana na imamu kwamba watoto watapangwa baina ya watu wazima, kila mmoja pamoja na mzazi au mlezi wake, na anayewasumbua wenzake ataelekezwa baada ya salamu, kwa sauti ya chini.

Kwa wale wenye jambo zito ambalo hawajui waanzie wapi, ipo namba ya simu 116, ya bure, kwa ajili ya kuwasaidia watoto, Tanzania na Kenya pia. Itabandikwa kwenye ubao wa matangazo, upande wa wanaume na upande wa wanawake, kwa maandishi makubwa na kwa kimo ambacho mtoto mwenyewe aweza kuisoma.

Tunahitaji wanaume wawili na wanawake wawili, watu wazima wenye kuaminika na kujulikana na jamaa wote, watakaokaa uani mwa msikiti kila Jumamosi baada ya Alasiri ili mtoto mwenye la kusema apate wa kumwambia. Watakaa wawili wawili na mahali pa wazi, isiwe mmoja peke yake na mtoto. Walio tayari waandikishe majina yao kwa katibu kabla ya Magharibi, na mabibi wampe majina yao mama msimamizi wa upande wao. Kazi itaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, Inshallah.